Yaya hana makaratasi: nimwajiri au nimwache?

Swali: Mimi ni nesi, naishi Lowell, Massachusetts, nina kadi ya kijani na mwakani nataka kuomba uraia. Nafanya zamu ya usiku mara tatu kwa wiki. Mume wangu anaendesha lori la safari ndefu, na tuna mapacha wa miezi kumi na minne. Kanisani nimempata mama mmoja mtu wa Tanga, mtulivu, na watoto wamemzoea upesi. Alikuja kwa viza ya matembezi. Nasikia amejilipua, yaani ameomba hifadhi, lakini hana makaratasi ya kazi. Ameshatulelea wiki tatu: anaingia saa kumi na mbili jioni, anatoka saa mbili asubuhi, analala chumba cha watoto. Tulikubaliana dola 1,200 kwa mwezi, chakula juu yangu. Mwezi haujaisha kwa hiyo sijamlipa. Mume wangu anasema tumlipe mkononi na tumshikie pasipoti kwa usalama. Rafiki yangu anasema afadhali nimwite mdogo wangu kutoka Eldoret kwa viza ya matembezi. Nifanye nini? — Mama Pacha

Jibu: Mama Pacha, nianze na lile gumu. Kwa hali uliyoieleza, huruhusiwi kumwajiri. Sheria ya shirikisho ya mwaka 1986, aliyoitia saini Rais Reagan, inamkataza mwajiri yeyote kumchukua kazini, au kuendelea kumtumia, mtu ambaye mwajiri mwenyewe anajua hana kibali cha kufanya kazi Marekani. Wengi wetu huidhania ni sheria ya viwanda vya nyama na mashamba ya matunda. Inakugusa na wewe. Mama anayemlipa mtu kila wiki amlelee watoto nyumbani ni mwajiri kamili, hata kama ofisi yake ni meza ya jikoni. Faini ya kosa la kwanza, kwa viwango vya mwaka 2025, ilianzia dola mia saba na ushee na kupita 5,700 kwa mfanyakazi mmoja. Na "kujua" hakungoji uoneshwe karatasi. Ukiwa na dalili za wazi ukafumba macho, inahesabiwa ulijua. Wewe umeshaniandikia kwamba unajua.

Lakini barua yako ina mambo mawili yaliyofungwa fundo moja, na nataka tuyafungue. La kwanza ni kibali: je, mama huyu anaruhusiwa kufanya kazi? La pili ni haki ya kazi ambayo tayari ameifanya. Nimekutana na familia nyingi za kwetu huku ambazo zikishajibu la kwanza kwa "hana", hudhani la pili limejijibu lenyewe: hana makaratasi, basi saa zake hazihesabiki, kodi haipo, na tukikosana hana pa kwenda. Hapo ndipo watu wanapoumia. Kutokuwa na kibali kunaharamisha ajira kuanzia kesho, lakini hakufuti hata senti moja ya jana.

Turudi kwenye kibali. Kabla hujamwambia lolote, mkalishe umuulize kwa heshima ana karatasi gani mkononi. Usitegemee uliyoyasikia kanisani. "Hana makaratasi" ni maneno mawili yanayobeba hali kumi tofauti. Kuna aliyepitisha muda wa viza na hajafungua kesi yoyote. Kuna mwenye kadi ya kazi iliyokwisha muda. Kuna mke wa mwanafunzi, yupo nchini kihalali kabisa lakini viza yake haimruhusu kufanya kazi. Na kuna aliyeomba hifadhi, huyo unayesema amejilipua, ambaye huenda yuko hatua moja tu kabla ya kadi na hana habari, kwa sababu aliyemjazia fomu alichukua pesa akapotea.

Kwa mwombaji wa hifadhi hesabu ni ya siku. Ombi lake likishapokelewa, anaweza kuomba kibali cha kazi baada ya siku 150, na kadi haitolewi kabla siku 180 hazijatimia. Ucheleweshaji anaousababisha yeye mwenyewe, kama kuomba kesi iahirishwe, husimamisha saa hiyo. Zamani ombi la kwanza la kadi kwa watu hawa lilikuwa bure. Sheria iliyosainiwa tarehe 4 Julai 2025 ililiwekea ada, ambayo mwaka huo ilikuwa dola 550. Nimeona watu wakikwama hapo tu, kwenye ada. Kama moyo wako unataka kumsaidia mama wa Tanga, kumsaidia kulipa ada hiyo kutamfaa kuliko kumpa kazi ya kujificha. Iwe msaada mtupu, usije ukauhesabu kama sehemu ya mshahara wake.

Muulize pia kama kweli alifungua ombi, na lini. Hifadhi inatakiwa kuombwa ndani ya mwaka mmoja tangu kuingia nchini, isipokuwa kwa sababu chache zinazokubalika. Awe na risiti yenye namba ya kesi. Kama hana risiti, au anayo asiyoielewa, apelekwe kwa mwanasheria wa uhamiaji mwenye leseni, au kwa shirika lisilo la faida lenye mawakili walioidhinishwa. Asipelekwe kwa yule kaka wa mtaani anayejaza fomu zote, za kodi, za uhamiaji na za talaka, kwenye meza moja.

Yapo mawili yanayowadanganya waajiri wa Massachusetts. La kwanza ni leseni ya udereva. Tangu tarehe 1 Julai 2023 jimbo hili linatoa leseni ya kawaida bila kuuliza hali ya uhamiaji, kwa hiyo mtu kuendesha gari kihalali hakukuambii chochote kuhusu kibali cha kazi. La pili ni ITIN, namba ya tarakimu tisa ambayo mamlaka ya kodi humpa mtu asiyestahili namba ya soshal, ile ya Hifadhi ya Jamii. Ni namba ya kulipia kodi tu. Haimruhusu mtu kufanya kazi, na ndiyo maana haimo kwenye orodha ya hati zinazokubalika kwa ajira.

Orodha hiyo iko nyuma ya Fomu I-9, fomu ya kuthibitisha kwamba mtu anaruhusiwa kufanya kazi, na I-9 ndiyo kipimo chako. Mfanyakazi anajaza sehemu yake siku ya kwanza ya kazi asichelewe. Wewe unajaza yako ndani ya siku tatu za kazi baada ya kuanza, ukiwa umeshika hati zake halisi mkononi. Kadi ya kazi yenye picha inatosha peke yake. Soma jina, mtazame sura, angalia tarehe ya mwisho. Hati ya kuleta anachagua yeye. Wewe huruhusiwi kusema "nataka kuona kadi ya kijani tu" wakati kaleta nyingine inayokubalika. Kama Kiingereza chake hakitoshi na umemtafsiria maswali, ipo karatasi ya nyongeza ambayo mtafsiri hutia saini. Ukimaliza, fomu hutumi popote. Iweke kwenye bahasha pamoja na vyeti vya watoto, na uitunze miaka mitatu tangu umwajiri au mwaka mmoja tangu aache kazi, kutegemea ipi inaishia mbali zaidi. Na andika tarehe ya mwisho ya kadi kwenye kalenda ya friji, kwa sababu kwa wanaohuisha kadi kuanzia tarehe 30 Oktoba 2025, ule muda wa nyongeza uliokuwa ukiongezeka wenyewe kadi ikisubiriwa umeondolewa kwa makundi mengi, waombaji hifadhi wakiwemo. Kadi ikiisha kabla mpya haijafika, kazi inasimama. Ombi la kuhuisha linaweza kupelekwa hadi siku 180 kabla, na azitumie zote.

Basi: akiwa na kadi, mchukue kwa amani. Akiwa hana, mwachie mpaka aipate. Najua utaniuliza njia za katikati, kwani kila aliye na mtoto mdogo na zamu ya usiku ameziwaza.

Ya kwanza ni kumwita mkandarasi, umpe fomu ya 1099 mwisho wa mwaka na kusema anajiajiri. Haisimami. Wewe ndiye unayepanga aje saa ngapi, watoto wale nini, walale saa ngapi, tena nyumbani kwako, kwa vitanda vyako na maziwa yako. Huyo ni mfanyakazi. Hata angekuwa mkandarasi kweli, sheria ile ile ya 1986 inakataza kutumia mkataba kupata kazi ya mtu unayejua hana kibali. Ya pili ni kuwapeleka watoto kwake. Kulea watoto wa watu nyumbani kwako kwa malipo, wiki baada ya wiki, ni biashara ambayo jimbo linaidai leseni, na asiye na makaratasi ndiye wa mwisho kutaka mkaguzi mlangoni. Ya tatu ni kuita mshahara "zawadi". Hiyo hata hakimu wa kitongoji atacheka.

Kuna upenyo mmoja wa kweli, nao ni mwembamba: kazi ya ndani ya mara moja moja, isiyo na ratiba, haidai I-9. Binti wa jirani akikaa na watoto Jumamosi moja mkienda harusini, hakuna fomu. Usiku tatu kila wiki, saa zile zile, haumo humo.

Sasa saa. Naomba uchukue kalamu, kwa sababu nadhani hujawahi kuzihesabu.

Saa kumi na mbili jioni hadi saa mbili asubuhi ni saa 14. Wengi hupunguza usingizi: "alilala toka saa nne, kwa hiyo kafanya kazi saa sita tu." Sheria ya shirikisho haihesabu hivyo. Asiyeishi kwako, akiwa kwenye zamu isiyofika saa 24, analipwa saa zote alizotakiwa kuwepo, macho au usingizini. Na mapacha wa miezi kumi na minne, wewe unajua vizuri kuliko mimi usingizi wenyewe ni upi. Kwa hiyo usiku tatu ni saa 42 kwa wiki, wastani wa saa 182 kwa mwezi. Gawa 1,200 kwa 182: dola 6 na senti 59 kwa saa. Kima cha chini cha Marekani nzima, ambacho hakijasogea tangu Julai 2009, ni 7.25. Cha Massachusetts ni 15 tangu Januari 2023. Umekubaliana naye chini ya nusu ya kile ambacho jimbo lako linakilazimisha. Naye alikubali, ndiyo. Makubaliano ya kulipwa chini ya kima hayana nguvu, hata yangeandikwa na kushuhudiwa na mchungaji.

Hesabu sahihi ni hii. Saa 40 za kwanza kwa dola 15 ni 600. Saa mbili zinazozidi 40 hulipwa moja na nusu, 22.50 kila moja, yaani 45. Jumla 645 kwa wiki. Kwa mwezi ni karibu dola 2,795. Chakula anachokula kwako usikitoe kwa kukadiria. Jimbo lina masharti yake ya makato ya chakula, na lazima mfanyakazi awe amekubali kwa maandishi.

Tena Massachusetts si jimbo la kuchezea kwenye hili. Ina sheria ya haki za wafanyakazi wa ndani, iliyopitishwa 2014 na kuanza kutumika Aprili 2015, na inamlinda mfanyakazi bila kujali hali yake ya uhamiaji. Anayefanya saa 16 au zaidi kwa wiki anastahili kuandikiwa masharti ya kazi: malipo, saa, mapumziko, likizo, makato. Anastahili pia bima ya ajali kazini, ile ambayo ungeikumbuka siku angeteleza kwenye ngazi zako za barafu akiwa na mtoto begani. Mshahara wa saa hulipwa kila wiki au kila wiki mbili. "Tungoje mwezi uishe" ni desturi ya nyumbani, hapa ni kosa. Na mahakama ikikuta ulipunja mshahara, upungufu huongezwa mara tatu, juu yake gharama za wakili wake. Hiyo mara tatu ni lazima. Hakimu hana hiari ya kuihurumia.

"Lakini atashtaki vipi na yeye ndiye anaogopa?" Anaweza. Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo inapokea malalamiko ya mshahara bila kuuliza makaratasi. Mwaka 2002 Mahakama Kuu ya Marekani, katika kesi ya Hoffman Plastic, ilimnyima mfanyakazi asiye na kibali malipo ya muda ambao hakufanya kazi baada ya kufukuzwa kinyume cha sheria. Watu walilisikia hilo nusu nusu wakalieneza kuwa asiye na makaratasi hana mshahara. Malipo ya kazi iliyokwisha kufanywa yanabaki deni.

Hapo ndipo ninapofika kwa mume wako, na naomba anisome bila hasira. Kushika pasipoti ya mfanyakazi ni jambo tulilolizoea kulisikia kwa dada zetu waliokwenda Ghuba, tukalia nao. Sasa limefika kwetu, sisi ndio wenye nyumba. Huku, kuzuia pasipoti au hati za uhamiaji za mtu ili asiondoke kazini ni jinai ya shirikisho, na ikiunganishwa na kazi ya kulazimishwa kifungo chake kinaweza kufika miaka 5. Kumtishia "ukisema nitakuitia uhamiaji" kunaelekea mlango huo huo. Hata nia ikiwa ni usalama wa watoto, pasipoti yake ikionekana kwenye droo yenu, hakuna wakili atakayekuwa na kazi rahisi. Usalama wa watoto unatafutwa kabla ya mtu kuingia ndani: ongea na familia mbili alizowahi kuzilelea, angalia anavyomshika mtoto anayelia, muulize angefanya nini homa ikipanda usiku na wewe uko wodini. Kama pasipoti iko kwenu sasa hivi, irudi mkononi mwake leo.

Kodi nitaisema kwa mkato maana wengi huiogopa kuliko inavyostahili. Ukimlipa mfanyakazi wa ndani mmoja kufikia kiwango kilichowekwa kwa mwaka, ambacho mwaka 2025 kilikuwa dola 2,800, unakata asilimia 7.65 ya mshahara wake ya Hifadhi ya Jamii na Medicare, na wewe unatoa 7.65 nyingine mfukoni mwako. Kwa mshahara wa 645 ni dola 49 na senti 34 kila upande. Ukilipa dola 1,000 au zaidi ndani ya robo moja ya mwaka, inaongezeka kodi ya bima ya ukosefu wa ajira. Unaomba namba ya mwajiri, na mwisho wa mwaka unaambatisha fomu inayoitwa Schedule H kwenye marejesho yako ya kawaida. Kodi hizi haziulizi kibali: mshahara ni mshahara. Mfanyakazi mwenye kadi ya kazi huomba namba ya soshal kwenye fomu ile ile aliyoombea kadi, kwa hiyo kwake mambo hunyooka. Asiye nayo anaweza kuwa na ITIN kwa marejesho yake, lakini ITIN haijazwi kwenye nafasi ya soshal katika W-2, ile fomu ya mshahara ambayo mwajiri hutoa mwisho wa mwaka. Na mwaka 2025 hofu iliongezeka, kwani mwezi Aprili mamlaka ya kodi ilitia saini makubaliano ya kuwapa watu wa uhamiaji taarifa za walipa kodi, kesi zikafuata mahakamani. Sioni sababu ya kumficha mama huyo jambo hilo. Uamuzi wa nini ajaze na wapi ni wake, akiwa na mwanasheria wake.

Kama unadhani hakuna anayefuatilia kodi ya yaya, waulize waliokuwa Washington mwaka 1993. Rais Clinton alimteua Zoë Baird kuwa Mwanasheria Mkuu, mwanamke wa kwanza kuteuliwa kwa nafasi hiyo. Ikajulikana yeye na mumewe waliwaajiri mke na mume kutoka Peru, yaya na dereva, hawana kibali, na kodi haikulipwa. Akajitoa. Akafuata jaji Kimba Wood, naye alikuwa amewahi kuwa na yaya asiye na makaratasi. Huyu alilipa kodi, na alimwajiri kabla sheria ya 1986 haijakataza, lakini moshi wa Baird ulikuwa haujatulia, naye akajiondoa. Nafasi ikaenda kwa Janet Reno, asiye na watoto. (Wanaume waliotangulia kwenye kiti hicho sijui kama kuna aliyewahi kuulizwa nani anawalelea watoto.) Sakata hilo ndilo lililolisukuma Bunge mwaka 1994 kurekebisha kodi ya wafanyakazi wa ndani: kiwango cha dola 50 kwa robo mwaka kikapandishwa hadi 1,000 kwa mwaka, na malipo yakahamishiwa kwenye marejesho ya mwajiri. Hiyo ndiyo asili ya hiyo Schedule H.

Wewe hugombei uwaziri, lakini unaomba uraia. Fomu ya N-400 inauliza kuhusu kodi, inauliza kama umewahi kutenda kosa hata kama hukukamatwa, na unaijibu kwa kiapo. Wiki tatu ukizisimamisha sasa na kuzilipa vizuri ni jambo unaloweza kulieleza kwa utulivu mbele ya wakili wako kabla hujaijaza. Miaka miwili ya kumlipa mkononi ni habari nyingine.

Na mdogo wako wa Eldoret? Hapo rafiki yako anakutoa kwenye matope anakuingiza mtoni. Viza ya matembezi hairuhusu kazi, na kumwombea huku mmeshapanga alee watoto ni kumdanganya afisa wa ubalozi. Uongo wa aina hiyo ukithibitika, anafungiwa Marekani maisha yake yote, labda apate msamaha maalumu. Pale Logan, uwanja wa ndege wa Boston, afisa wa mpakani anaweza kumwomba simu, akafungua WhatsApp, akakuta umemwandikia "ukifika utapumzika siku mbili, Jumatatu uanze na mapacha". Anarudishwa na ndege inayofuata na kufungiwa miaka 5 hata bila hukumu ya uongo. Akipita salama akabaki kupita muda wake zaidi ya mwaka, siku atakayotoka anafungiwa miaka 10. Wewe uliyemwandikia barua ya mwaliko, jina lako liko juu ya barua.

Bibi ni tofauti kidogo, na najua ndilo swali lako linalofuata. Bibi anayekuja kuwaona wajukuu, akawabeba, akawaimbia, akawapikia uji mama yao akiwa amelala baada ya zamu, huyo anatembelea familia. Ila safari ikiwa imepangwa ili bibi achukue nafasi ya yaya wa kulipwa kwa miezi sita, maafisa wengi huiita kazi, na wamewarudisha mabibi kwa hilo. Aje kama mgeni kweli, akiwa na tiketi ya kurudi, na wewe uwe na mpango wa usiku wako unaosimama bila yeye.

Kumdhamini mama wa Tanga mwenyewe nako nitakukatisha tamaa mapema, usije ukalipa mtu akuahidi. Ipo njia ya mwajiri kumwombea mfanyakazi asiye na taaluma kadi ya kijani, lakini foleni yake ni ya miaka, na aliyepitisha muda wa viza kwa zaidi ya siku 180 kwa kawaida hawezi kuikamilishia humu nchini. Akitoka, fungio za kutorudi kwa miaka mitatu au kumi zinamkamata. Kadi yake itatoka kwenye kesi yake ya hifadhi au kwa familia yake, si kwako.

Mpango wa au pair unafaa familia nyingi zenye kadi ya kijani kama yako: kijana wa miaka 18 hadi 26 anakuja kihalali kwa viza ya mabadilishano na kuishi nanyi. Kwako una tatizo moja kubwa. Hawaruhusiwi zaidi ya saa 10 kwa siku na 45 kwa wiki, na usiku wako una saa 14. Pia tangu uamuzi wa mahakama ya rufaa ya shirikisho ya Desemba 2019, Massachusetts huwalipa kwa kima cha jimbo, kwa hiyo si rahisi kifedha kama matangazo yanavyosema. Ninachokiona kikifanya kazi Lowell na Worcester ni manesi wawili kushirikiana yaya mmoja mwenye kadi: watoto wanalala nyumba moja usiku wa zamu, kila mama anachangia mshahara, kila mmoja anatoa kodi kwa sehemu yake. Dola 645 zikigawanywa mbili zinavumilika, ingawa yaya wa watoto wengi ana haki ya kudai zaidi. Uliza pia hospitalini kuhusu zamu za wikiendi. Wengine huzipanga ziangukie siku ambazo mume yuko nyumbani, na kwa mume wa lori hilo linahitaji kuongea na mpangaji wa safari zake mapema.

Kesho akija usimpe zamu nyingine. Mwambie sababu kwa maneno mepesi, asidhani watoto wamelalamikiwa, na kwamba kadi ikitoka nafasi yake mtaizungumza upya. Kisha umlipe palepale: ukimwachisha mtu kazi Massachusetts, mshahara wake wote unatakiwa siku hiyo hiyo. Wiki tatu, saa 126, dola 1,935. Ni zaidi ya mlichokubaliana kwa mwezi mzima, ndiyo, na ndicho anachokudai. Hakijafika 2,800, kwa hiyo kama hutamlipa tena mwaka huu ile 7.65 haijakugusa, lakini kimepita 1,000 ndani ya robo mwaka, kwa hiyo kodi ya ukosefu wa ajira, ya shirikisho na ya jimbo, unayo, na Schedule H utaijaza. Hundi au taslimu, vyote sawa. Andika karatasi mbili zinazofanana zenye tarehe za kila usiku, saa za kuingia na kutoka, kiwango cha saa, saa za ziada na jumla. Mtie saini wote wawili, moja ibaki nayo yeye.